Ndugu Mlezi

"Hiyo njia ya simu siitaki."

"Haijakuuliza kama unaitaka."

"Na mimi sijaiuliza kama inanitaka. Pesa ya shule ninayo, miguu ninayo. Nitaenda kulipa mwenyewe kama siku zote."

"Utamlipa nani, Mamdogo? Dirisha la ada wamelifunga! Muhula huu hakuna kupokea pesa mkononi, ni kwa simu tu. Usipolipa kwa simu, Jumatatu mtoto hafanyi mtihani."

"Nitagonga."

"Gonga mpaka mkono uvimbe. Hawafungui."

 Mamdogo alichovya vidole kwenye bakuli la maji, akarashia shati la mtu, akalaza pasi juu yake. Shiii. Hiyo ndiyo namna yake ya kukwambia umeshaongea, sasa toka.

Mamdogo ni dobi. Anafua na kupiga pasi nguo za watu hapo hapo kibarazani kwetu. Mimi ni fundi pikipiki, mtaani wananiita Spana. Yeye ni mdogo wake mama. Mama alipofariki, mdogo wangu Chiriku alikuwa bado ananyonya, mimi nilikuwa nimeshajua kukimbia na kutukana. Mamdogo akatuchukua wote wawili, na tumboni mwake hajawahi kubeba mtoto. Chiriku tulimpa jina hilo kwa sababu akifungua mdomo asubuhi, anaufunga akilala.

Mimi shule niliacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Nilichoka kukaa. Ndiyo maana vitu vya simu navipenda: unabonyeza, imeisha, unaendelea na maisha. Na huo mfumo wao niliona una akili. Kuna mhasibu pale shuleni alikula ada za watu mpaka shingo ikapotea, wazazi wakaambiwa walipe upya. Kwenye simu atakula nani? Nikamwambia Mamdogo hivyo.

"Simu nayo ina tumbo," akasema. "Kila ukituma inakata chake. Tena haishibi."

Hapo alinibana.

Ijumaa akalegea. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akanipa pesa bila kuniangalia. "Haya, lipa. Mtoto asikae nje kwa ajili ya kiburi changu."

Nikafuta grisi kwenye suruali, nikachukua simu yake, ile niliyomnunulia mwenyewe na anaitumia kumulikia mkaa. Nikafungua ukurasa wa shule. Jina la mwanafunzi, nikaandika. Darasa, nikaandika. Halafu ikauliza: wewe ni nani kwa mwanafunzi? Maneno mawili, uchague moja. Mzazi. Mlezi.

Nikabonyeza mlezi. Sikusita hata kidogo. Ndivyo ilivyo, au sivyo? Mimi ukiniuliza hii nati inataka spana ipi, nakutajia spana yake, sikupi hadithi.

Simu ikalia ting. Chiriku akaikwapua, akasimama wima kama mtangazaji wa habari. "Ndugu mlezi! Malipo yako yamepokelewa! Ahsante kwa kutumia mfumo wetu!"

Mamdogo akainua kichwa. "Ndugu nani?"

"Mlezi," Chiriku akasema.

"Aliyeandika hivyo nani? Simu, au wewe Spana?"

Ningeweza kusema kidole kiliteleza. Vidole vyangu na grisi kila mtu anavijua. "Mimi. Waliuliza mzazi au mlezi."

"Aa," akasema. Basi, hilo tu. Akaendelea kupiga pasi mkono wa shati. Ulikuwa mkono ule ule aliokwisha kuupiga, umenyooka kama karatasi, lakini akaurudia, akaurudia tena.

Chiriku alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Kwani mlezi ni tusi?"

"Si tusi, mwanangu. Ni neno zuri tu. Nenda kavue sare, utaichafua."

Kesho yake gereji nilikuwa na kabureta mkononi na sijui nilikuwa naifanyia nini. Bosi akaniuliza kama naisafisha au naiombea. Nilikuwa nafikiria gauni la bluu.

Mamdogo anapiga pasi nguo za mtaa mzima, lakini za kwake anavaa na mikunjo yake, anasema mwili utazinyoosha. Isipokuwa siku ya ada. Siku hiyo linatoka gauni la bluu, na analipiga pasi mpaka mkunjo wa begani unaweza kukukata. Nilishawahi kumsindikiza. Mtaani ni "Dobi, shati langu tayari?" Nyumbani ni Mamdogo. Hospitali akimpeleka Chiriku wanamwambia, "Mama wa mtoto yuko wapi?" Lakini pale dirishani karani alikuwa anainua macho kwenye karatasi zake na kusema, "Enhe, mzazi." Hamuulizi kitu. Na Mamdogo alikuwa anasimama vizuri ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Akishalipa harudi kwa njia ya getini moja kwa moja. Anazunguka kule nyuma, kwenye madirisha ya madarasa, taratibu, mkoba kwapani. Chiriku akimwona anajifanya anaandika. Mimi nilikuwa najificha chini ya dawati.

Sasa mimi, kwa kidole kimoja, nimemnyang'anya neno lake. Na shule imemnyang'anya dirisha.

Nikaacha kabureta, nikapiga mbio nyumbani, nikaingia kwenye ule ukurasa nibadilishe. Ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa, ukaandika: "Kubadilisha taarifa zako, fika ofisi ya shule." Nikacheka peke yangu mpaka Mamdogo akachungulia mlangoni.

"Una wazimu?"

"Piga pasi gauni la bluu, Mamdogo. Simu imeshindwa. Inasema uende mwenyewe."

Aliniangalia vile ambavyo nadhani watoto wenye akili huangaliwa wakileta matokeo. Mimi sijui, sikuwahi kuleta.

Jumatatu Chiriku akaingia kwenye mtihani, sisi tukaenda dirishani. Limefungwa kweli, na karatasi imebandikwa: malipo hayapokelewi hapa. Mamdogo akagonga kwa pete. Kimya. Akagonga tena. Likafunguka kidogo, jicho la karani likatokea.

"Malipo hapa hatupokei."

"Sijaleta malipo," Mamdogo akasema. "Nimeleta kosa."

"Kosa gani?"

"Kwenye simu nimeandikwa mlezi."

Karani akafungua dirisha lote, akabonyeza kompyuta yake. "Kubadilisha wanataka cheti cha kuzaliwa. Mtoto ni wako wa kumzaa?"

Nilifungua mdomo, Mamdogo akanibana mkono.

"Hapana," akasema. "Wa dada yangu. Mtoto alinikuta sijui hata kumshika. Meno yake yote yameota mikononi mwangu."

"Basi mfumo hautakubali."

"Mfumo umeshawahi kumwogesha?" nikasema. "Umeshawahi kukesha naye akiwa na homa? Unauliza cheti kama nani?"

"Spana, nyamaza."

"Sinyamazi! Karani, waandikie mzazi, wakitaka waje wanikamate mimi."

"Kijana, mimi sikuutengeneza huo mfumo," karani akasema. Hakukasirika, alichoka tu. Akainamia kompyuta, akakunja uso, akageuza kioo upande huu, upande ule. "Hebu, mzazi, sogea pembeni kidogo, unanizibia mwanga."

Mamdogo hakusogea.

"Umesemaje?"

"Nimesema unanizibia mwanga."

"Kabla ya hapo."

Karani akamtazama. Nadhani hata yeye hakujua amesema nini. Mdomo ulijisemea kwa mazoea. Halafu akaelewa. Akaweka mikono yake miwili juu ya kizingiti cha dirisha.

"Mzazi," akasema polepole. "Nimesema mzazi."

Mamdogo akanyoosha mkunjo wa begani, ambao haukuwa na shida yoyote. "Acha huko kwenye simu kama kulivyo. Muhula ujao nikija bila pesa, utafungua?"

"Uje kufanya nini?"

"Kusalimia."

Karani akacheka, akatikisa kichwa. "Gonga kwa nguvu. Wakati mwingine niko kule ndani sisikii."

"Huyu ndiye wangu mkubwa," Mamdogo akamwambia, akinielekeza kidole. "Ana mdomo mchafu, lakini ndiye anayenilipia kwa simu."

Nikasema twende, gereji wananisubiri, geti ni hapo tu. Hakunisikia, au alinisikia akaniacha nisubiri. Akaweka mkoba kwapani, akageuka, akashika njia ya nyuma, ile inayopita kwenye madirisha ya madarasa.