Sala Ndefu ya Mzee Momanyi

Kemuma alijidunga sindano yake ya insulini jikoni, ugali wa wimbi ukiwa umeshapelekwa mezani. Alidhani wanakula sasa hivi. Maskini, hakujua bado jinsi baba mkwe wake, Mzee Momanyi, anavyoomba akiwa na wageni wa kanisa!

Ilikuwa 1956, huko Sironga, na Kemuma alikuwa bibi arusi wa juzi tu. Nyumba ile ilishika chinsoni, ile heshima ya Wagusii baina ya wakwe. Mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe, wala hagusi chakula mzee hajaonja.

Basi mzee akaomba. Akawaombea wageni, akaombea ng'ombe, mvua, hata Gavana. Pale mlangoni jasho likaanza kumtoka Kemuma, mikono ikamtetemeka. Alijua ni nini. Daktari alimweleza: insulini hii ikiingia damuni hubisha hodi kwenye seli za misuli, nazo zikiitambua hufungua na kuivuta sukari ndani. Haiulizi kama umekula. Usipokula, damu hukaukiwa sukari, ubongo ukakosa chakula, nawe ukaanguka, na huenda usiamke.

"Uwakumbuke, Bwana, walio safarini..." mzee akaendelea.

Na mimi niliye hapa je? Kemuma akawaza kwa hasira. Afe kwa adabu? Thubutu! Akaenda mezani, akachota sukari ya wageni kijiko kizima, akaitia kinywani, kisha akamega tonge la ugali.

Sala ikakatika. Mama mkwe akashika kichwa. Abner, mume wa Kemuma, aliyeujua fika ugonjwa ule, mwanamume mzima na ndevu zake, akainama kutazama kucha.

"Unakula mbele yangu?" Mzee Momanyi akafoka.

"Nakula, baba. Dawa imeshaingia mwilini. Nisipokula nitakufa hapa hapa."

"Mke wa namna hiyo hatumtaki! Kesho unarudi kwa baba yako."

Maneno yale yalimchoma Kemuma, machozi yakamlengalenga. Alimtazama Abner. Abner bado alikuwa anatazama kucha. Haya basi. Akavuta kiti, akaketi katikati ya wageni, akamega tonge jingine, kubwa kuliko la kwanza.

"Nitarudi, baba," akasema, mdomo umejaa. "Lakini nitarudi kwa miguu yangu, si kwenye jeneza."