Vidole Vinne

Jumanne moja ya Machi 1999, katika gereji iliyo chini ya tao la reli huko Walthamstow, ughaibuni, Lydia Nyambura alimaliza kufunga ekseli mpya ya nyuma kwenye gari la Kimarekani la mwaka 1969. Kazi ilimchukua siku kumi na moja. Aling'oa springi zilizochoka, akaweka mpya, akabadilisha shokapu zote nne. Nati za mwisho hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Aliliteremsha kwanza libebe uzito wake, kama alivyofundishwa Nakuru. Kisha akapima kwa mkono, jambo jingine la Nakuru: vidole vinne barabara kati ya tairi na madigadi.

Katika karatasi za gereji aliandikwa msafishaji. Chuo cha huko kingeitambua diploma yake ya ufundi ya Nakuru kwa sharti moja tu: barua ya mwajiri, kabla ya Jumamosi, ikieleza kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Bosi wake, Wanjohi, alimwahidi barua hiyo gari likikamilika.

Saa nne asubuhi alifika mwenye gari, Alnashir, mzaliwa wa Mombasa. Lydia akashika ufagio, maana ndivyo ilivyotakiwa wateja wakiwapo.

"Mashallah. Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi mwenyewe," Wanjohi alisema.

Sehemu ya nyuma ya gari ikashuka kwa kidole kimoja.

"Limeshuka," Alnashir alisema.

"Linajizoeza tu. Ekseli nimeifunga kwa mikono hii. Springi pia."

Likashuka vidole vingine viwili.

"Nimelifunga mimi," Lydia alisema, akiendelea kufagia.

Gari likapanda, likasimama penye vidole vinne, likatulia. Juu yao treni ya kwenda Liverpool Street ikapita.

"Kumbe fundi ni huyu binti," Alnashir alisema. Akafikiri kidogo. "Lakini Wanjohi, Jumapili nalipeleka kwenye maonyesho Southend. Niwaambie limefungwa na mfagiaji? Watanicheka mpaka wachoke."

"Waambie ni mimi."

Gari likashuka.

"Lydia, hebu sema tena," Wanjohi aliagiza. "Polepole lakini, si lazima mtaa mzima usikie."

Akasema. Likapanda.

"Na huko Southend?" Alnashir aliuliza.

"Mchukue, mzee. Akae kiti cha nyuma. Si mzito."

Ijumaa Wanjohi aliandika barua, akiwa ameilaza juu ya boneti. Ilisema kwamba Lydia Nyambura ni msafishaji mwaminifu, hachelewi kazini, na sakafu zake hung'aa. Alipotia sahihi, gari lilikwenda chini hadi tumbo likagusa saruji.

"Sema," alimwambia bila kuinua kichwa.

Lydia aliisoma barua mara mbili. Alikusudia kunyamaza. Alitaka gari lilale pale mpaka lishike kutu. Lakini alizisikia springi zake zikilia chini ya mzigo, springi alizozipanga moja moja.

"Nimelifunga mimi," alisema.

Jumapili, huko Southend, jaji alichutama na rula nyuma ya gari, akapima, akaridhika. Wanjohi alisimama kando akipokea kikombe, akieleza kwa Kiingereza jinsi alivyokaza nati za mwisho. Gari halikutikisika hata chembe. Kwenye kiti cha nyuma Lydia alikuwa akisema maneno yake yale yale, na sasa alikuwa akipiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. Vioo vyote vilikuwa vimepandishwa.