Paka Aliyekuwa Akienda Kwao Chepkosgei

Kila jioni saa kumi na moja, Chepkosgei huketi kwenye kigoda mlangoni, humweka paka mapajani na kumchana. Paka huyo wa manyoya marefu, Sufu, aliletwa na Nelvine, mjukuu wa Chepkosgei, kutoka mjini Kericho, mwajiri wa Nelvine alipohama na kumwacha. Chepkosgei huanza tumboni, kwenye mafundo mengi. Hushika fundo karibu na ngozi ili paka asiumie, hulinyunyizia unga kidogo, kisha hulifungua kwa ncha ya kitana.

Mchana Sufu hupenya chini ya waya wa uzio na kutembea katika shamba la chai la kampuni. Jumatatu moja kitana kilitoa punje za wimbi. Jumanne kilitoa manyoya mekundu ya ndama, na Jumatano jivu la moto.

"Huko hakuna wimbi, Kogo," Nelvine alimwambia bibi yake. "Ni chai tupu."

"Ni wimbi ya mama. Boma yetu ilikuwa hapo. Tulitolewa nikiwa na miaka minne, na moto ulikuwa unawaka jikoni."

Alhamisi ulitoka ushanga wa buluu uliokatika shingoni mwa Chepkosgei siku ile walipotolewa. Walifunga vyote katika leso, wakaenda ofisi ya kampuni. Karani, Eliakim, aligusa jivu akarudisha kidole haraka.

"Ni kweli, mama. Hapo palikuwa na boma."

"Sasa nirudi?"

"Hapana. Na hivi vitu vimetoka kwa shamba ya kampuni." Alivitia kwenye bahasha. "Kila Ijumaa utuletee chenye paka ametoa."

Chepkosgei aliomba abaki na ushanga tu. Eliakim, ambaye alikuwa mtu mpole, alitazama mlango wa meneja, akaifunga bahasha.

"Nimfungie paka?" Nelvine aliuliza njiani.

"Wacha aende. Hata kama ni yeye peke yake anafika nyumbani."

Wiki iliyofuata Sufu alirudi bila fundo hata moja. Manyoya yalikuwa yamelazwa kwa mkono na kupakwa siagi, hata nyuma ya masikio, kama watoto walivyopakwa na mama zao zamani. Chepkosgei aliweka kitana chini. Alimkumbatia, akanusa shingo yake mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

Ijumaa alikwenda ofisini.

"Paka ameleta nini?" Eliakim aliuliza.

"Hakuna."

Eliakim akaandika hakuna, kisha akamsindikiza hadi getini, kwa sababu wageni hawaruhusiwi kutembea peke yao katika shamba hilo.