Chupa Iliyooshwa

Twaibah alipogundua, alitamani kucheka, hasira ikamzuia. Chupa ya maji kutoka kisima cha Malukhu, mjini Mbale, ilikuwa inanukia sabuni! Yeye mwenyewe ndiye aliyeituma Mbale kutoka maabara ya Jinja, ikiwa na matone ya asidi ya kuzuia madini yasigande kwenye kuta zake. Orpah, mwenyekiti wa kisima, akaona haya kutia maji ya watu katika chombo kichafu. Akaisugua ikatakata, asidi yote ikatoka.

Kwa hiyo mashine ilichoma tone la maji, ikalipitishia mwanga wa taa ili kuhesabu atomi za risasi, isione kitu. Risasi ya karakana inayoyeyusha betri kuukuu jirani na kisima ilikuwa imeng'ang'ania chupa. Na kisima kilikuwa kimefungwa, watu wanangoja majibu.

"Hayafai kupimwa hivi," alimwambia mkuu wake, Bwana Mafabi. "Natia asidi, tusubiri mpaka kesho."

"Mashine haidanganyi, Twaibah."

"Haidanganyi, bwana, lakini hujibu ulichoiuliza!"

Mafabi alitabasamu tu, tabasamu la mtu aliyeshiba. Twaibah akatia asidi, akaiacha chupa ilale.

Asubuhi risasi ikajitokeza, mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Alikimbia nayo habari hiyo ofisini. Mafabi hakuinua hata macho. Mwenye karakana alikuwa na haraka, alisema, kwa hiyo majibu ya kwanza alishampelekea jana jioni. Haraka! Mtu anawanywesha wenzake sumu, halafu ana haraka, na msomi mzima anamfungulia mlango! Twaibah alitoka, akampigia Orpah simu.

"Mama, usifungue kisima. Kwa maji iko risasi."

"Risasi?" Orpah alishtuka. "Asikari wamekuja?"

"Si ya bunduki, mama. Ile ya betri. Inaharibu watoto akili."

Nyuma ya Orpah zilisikika kelele za watu wenye furaha.

"Lakini tajiri wa karakana amekuja na karatasi yenu," alisema. "Amesema maji iko safi. Saa hii anagawia watoto vikombe, vipya kabisa."

"Wanyang'anye!" Twaibah alipiga ukelele hadi Mafabi akatoka ofisini. "Wanyang'anye vikombe, mama, sasa hivi!"