Kadi Niliyoiacha Mezani

Kengele ililia. Sanduku letu la kura pale Ashby Falls ni la mbao, kuukuu kuliko mtu yeyote aliye hai mjini. Unaingiza karatasi, karani anazungusha mpini, sanduku linaimeza, kengele inapiga mara moja. Siku ile ya Januari, ya mchujo wa urais, ilipiga kwa ajili yangu, na kabla haijatulia Normand akapaza sauti kutoka kwenye meza ya keki.

"Shemeji! Karibu nyumbani! Miaka yote unazurura nje, leo umekuja kulala kwetu?"

Ukumbi mzima ukacheka.

Normand ni mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye mwenyekiti wa Warepublican wa mji wetu. Alijua vizuri nilichofanya. Kwetu New Hampshire, siku ya mchujo, vyama vinapochagua wagombea wao, sisi tusio na chama tunaruhusiwa kuchukua karatasi ya chama kimoja. Ukishaichukua, daftari la wapiga kura linakuhesabu kuwa mmoja wao. Ndiyo maana kuna meza ndogo karibu na mlango: unasaini kadi, unarudi kuwa huru, unakwenda zako. Ndoa ya dakika tano, kisha talaka. Nilifunga nyingi za namna hiyo, na vyama vyote viwili, na sikumkumbuka bwana hata mmoja.

Lakini siku ile nilikuwa na la kumjibu. Nilimtajia Normand kila walichotufanyia tangu kiwanda cha viatu kilipofungwa, mwaka kwa mwaka. Halafu nikawageukia Wademokrati waliokuwa wakichekelea nyuma yake, nikawapa na wao haki yao. Nilisema vizuri, hata leo najisifu. Nikatoka kifua mbele, theluji ikilia chini ya buti, nikaipita ile meza ndogo bila kuiona.

Niligundua Julai, nilipokwenda kuchukua leseni ya mbwa, nimechelewa kama kawaida yangu.

"Odile, dada yangu," akasema Huguette, karani wa mji, "kaa kwanza."

Akaligeuza daftari. Mbele ya jina langu palikuwa na herufi moja, R, imeandikwa kwa wino safi kabisa.

"Ibadilishe."

"Mlango wa kubadilisha ulifungwa mwanzoni mwa Juni. Utafunguliwa mchujo wa wabunge wa Septemba ukishapita."

Nilimfikiria baba. Mwaka 1956 alifukuzwa kiwandani kwa kukataa kubandika dirishani picha ya mgombea wa bosi. Mwaka uliofuata wenzake wa chama cha wafanyakazi wakamsusa, kwa kuwa picha ya mgombea wao nayo aliikataa. Alitulea kwa kutengeneza saa za watu, dirisha letu likiwa tupu, na kila Jumamosi alilifuta mpaka likameta. Mimi ndiye binti wa dirisha lile.

Hata hivyo, kilichoniuma zaidi si aibu. Estelle Cloutier, dereva wa basi la shule, alikuwa akigombea ubunge wa jimbo kwa tiketi ya Democratic. Daraja letu lilikuwa limefungwa mwaka wa tatu, na watoto aliowabeba walizunguka maili kumi na tisa kila asubuhi. Mbunge aliyekuwepo alikuwa wa chama hicho hicho, na daraja hakulitaja hata siku moja. Warepublican hawakusimamisha mtu. Atakayeshinda mchujo ndiye mbunge. Na aliyemsukuma Estelle agombee ni mimi. Nilimwambia jikoni kwake: kura ya kwanza ni yangu. Sasa, kwa herufi ile, karatasi ya Democratic nisingepewa.

Nilimkuta anaosha basi.

"Umesahau kadi? Wewe, mama Odile? Wewe uliyetufundisha sote?"

"Nilikuwa nagombana na Normand."

Alicheka mpaka mpira wa maji ukamlowesha. Kisha akafunga bomba. "Basi niletee kura nyingine badala ya yako."

Daftarini wasio na chama tulikuwa mia sita na kumi na mmoja, zaidi ya vyama vyote viwili ukivijumlisha. Lakini Septemba hatutokei. Nilianza na Roscoe Tarbell, mchonga mawe, aliyenisikiliza huku amejiegemeza kwenye mlango.

"Si wewe uliyesema mchujo wa Septemba ni harusi ya watu, sisi tusiende kuwabebea sahani?"

Nilisema. Mwaka 1988, kwenye mkutano wa mji, nimesimama juu ya kiti. Mimi sisahau neno la mtu, na mbaya zaidi, sisahau langu.

"Nilisema, Roscoe. Sasa nasema uingie, ule, utoke. Ila kadi usisahau."

"Kama wewe?"

"Kama mimi."

Akaufungua mlango wote, akanipa kahawa. Agosti nzima nilitembea hivyo, nyumba hadi nyumba, nikiyameza maneno yangu mbele ya watu walioyahifadhi kuliko nilivyodhani. Ajabu ni kwamba hayakuwa machungu.

Siku ya mchujo Huguette aliniruhusu kuketi kwenye meza ndogo, kwa sharti nisitaje mgombea yeyote. Nilikuwa na kalamu kumi na mbili ndani ya kopo la maharage. Kutwa nzima nilisema maneno mawili tu: "Saini kadi." Waliingia wachonga mawe, wauguzi, wakulima wa tufaha ambao sikuwahi kuwaona ukumbini mwezi huo. Kengele ilikuwa haipoi. Hakuna aliyetoka bila kusaini.

Estelle alishinda kwa kura nne.

Kesho yake Huguette alipofungua ofisi alinikuta nimesimama mlangoni. Alinipa kadi na kalamu. Nilikuwa nimefika katikati ya jina la ukoo Normand alipoingia kutafuta barua zake, akaniona, akavua kofia.

"Shemeji! Unatuacha? Na keki zetu zote ulizokula?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limeiva, na tarehe zake zote. Nje basi la Estelle lilipita likipiga honi.

"Ngoja, Normand," nikamwambia bila kuinua macho. "Acha nimalize kuandika."