Anwani Iliyobandikwa Kwenye Kioo cha Nazih

Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025. Asubuhi mvua ilipiga kwa upande, ile inayoingia hata chini ya mlango, na milima juu ya Tripoli ilikuwa na theluji. Niliswali alfajiri nikiwa na koti mwilini. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: Nazih asifunge duka mapema.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa. Herufi za Kizungu nilizijua mwaka jana, kwenye darasa la jioni la mwalimu Rula. Kabla ya hapo nilijua kufuma kroshia. Michoro ya mitindo yangu ya kufuma naichora karatasini, naipiga picha, nawauzia wanawake wa kwetu waliohamia Sydney na São Paulo kwa dola mbili mbili. Dola mbili hazipiti kwenye ofisi ya kutuma pesa, maana ada peke yake inazimeza, na benki zetu za Lebanon zilivyotufungia akiba zetu hakuna asiyejua. Kwa hiyo wanalipa kwa dola za kidijitali, na zinaingia kwenye pochi ya simu kabla chai haijapoa.

Ziliingia kwa miezi mitatu. Mwezi Julai kioo cha simu kilipasuka, nikaipeleka kwa Nazih, fundi na muuza simu wa mtaani kwetu. Aliirudisha ikiwa kama mpya.

"Nimekutengenezea na ukurasa wako wa mtandaoni, Mama Wisam," aliniambia. "Sasa una duka kweli."

Hakutaka malipo. Nikamwombea dua.

Tangu siku hiyo haikuingia hata senti. Wanawake waliandika kwamba wamelipa. Nikitazama pochi, tupu. Nazih akasema, "Hao wa ng'ambo waongo, mama. Wanataka vya bure." Nilimwamini, nikawajibu kwa ukali. Mmoja wao, Faten wa Sydney, akaandika kwenye kundi la wanawake wa Tripoli walioko nje, kundi lenye watu elfu nne, kwamba Mama Wisam ni mwizi, anapokea pesa na hatoi kitu. Dada yangu aliye Brazil alisoma, akaacha kunipigia. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa miezi sita kila baada ya swala niliwataja wale wanawake kwa majina na kuwaombea mabaya. Nilimwombea Faten vidole vyake vikauke.

Januari mwalimu Rula akatufundisha kukagua malipo. "Anwani ya pochi ina herufi na tarakimu thelathini na nne," alisema. "Hakuna anayezisoma zote. Nyinyi someni nne za mwanzo na nne za mwisho, kila mara, kama mnavyowahesabu watoto kabla ya kupanda basi."

Nne za mwisho za pochi yangu hazikufanana na zile zilizoandikwa kwenye ukurasa wangu, mahali pa kulipia. Nilizisoma mara tano, kidole kikiwa juu ya kila herufi. Nilidhani ni ujinga wangu.

"Si ujinga," Rula alisema. "Hii ni pochi ya mtu mwingine. Lakini malipo haya hayajifichi. Ukiwa na anwani, unafungua daftari la wazi kwenye mtandao, unaona kila kilichoingia na kutoka, kwa saa na dakika. Kisichoandikwa ni jina la mwenyewe tu."

Jina nililipata kesho yake, nilipokwenda kununua bando. Nazih alikuwa amebandika anwani yake kwenye kioo cha duka, mraba wa vidoti unaosomwa kwa kamera ya simu, na herufi chini yake, ili wateja walipe bila kubeba marundo ya lira. Anwani moja kwa kila kitu. Alikuwa mvivu wa kufungua pochi ya pili. Nikasoma nne za mwanzo na nne za mwisho. Nikalipia bando, nikasema asante, nikarudi nyumbani kuswali. Sikuomba subira. Niliomba Ijumaa.

Basi baada ya swala ya Ijumaa duka lilijaa kama kawaida, wanaume wakichaji simu kwa umeme wa jenereta yake. Haji Munzir, baba mkwe wa Nazih na mwenye jengo, alikaa na kikombe chake cha kahawa. Nilikuja na Rula. Kwenye simu ya Rula alikuwepo Faten, ambaye Rula alikwisha kumweleza yote, uso wake ukionekana.

"Karibu, Mama Wisam," Nazih alisema. "Bando lingine?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kusoma."

Wakacheka. "Darasa limehamia hapa?" akauliza Baba Tarif, dereva wa teksi.

"Limehamia. Sogea mbele, huenda nawe ukapata cheti."

Nikasimama mbele ya kioo, nikaisoma anwani kwa sauti, herufi moja moja. Kisha nikafungua karatasi nilizonakili kutoka kwenye daftari la wazi.

"Tarehe tatu Agosti, saa nne na dakika kumi asubuhi, dola mbili. Faten, wewe ulilipa lini?"

"Tarehe tatu Agosti," Faten akajibu, "dakika hiyo hiyo kwa saa za kwenu. Picha ya malipo ninayo. Anwani ndiyo hiyo unayoisoma."

Vicheko vikaisha.

"Ni kosa la mfumo," Nazih alisema. "Mambo haya huwezi kuyaelewa, mama."

"Zamani nisingeyaelewa. Ndiyo maana ulinichagua."

Nikaendelea. Sikuruka hata moja. Haji Munzir akamwomba Rula amwonyeshe daftari lenyewe. Alitazama yaliyoingia, akamtazama mkwewe, ambaye kila mwezi humlilia kwamba duka limekufa. Sitadanganya: nilifurahi.

Nazih akazunguka kaunta, akanisogezea bahasha ya pesa. "Chukua, mama. Chukua mara mbili yake. Tuyamalize kimya kimya."

"Kimya kimya ndivyo ulivyochukua."

"Mama Wisam," Haji Munzir alisema, "amekosea. Leo ni Ijumaa. Msamehe."

"Haji, bahasha hiyo ni ya wanawake wale. Apewe Rula awarudishie. Mimi nimeibiwa jina. Wanawake thelathini na mmoja waliolipa wananiita mwizi, na mimi nimewaapiza wasio na hatia kwa ajili ya huyu. Hilo halimo ndani ya bahasha."

"Sasa unataka nini?" Nazih akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikamwambia Baba Tarif afungue mlango, ili hata waliojikinga mvua nje wasikie.

"Nyote ni mashahidi," nikasema. "Nazih atawapigia wanawake hao mmoja mmoja, uso wake uonekane, aseme kwa kinywa chake nani mwizi. Mpaka afike wa thelathini na moja, nitakuja hapa kila Ijumaa kusoma kwa sauti kila kinachoingia kwenye pochi yake. Akihamia nyingine, daftari litanionyesha, nitaifuata. Na kila nikiswali nitalitaja jina lake pale nilipokuwa nikiyataja ya kwao. Akifa kabla hajamaliza, simsamehe. Nitamngoja mbele ya Mungu nimshike kola. Mimi Mama Wisam naahidi."