Kikwembe Juu ya Paneli

"Basi ule upepo iko na akili, mama Kapinga! Ilibeba kikwembe yako, ikaitandika ku panneau yangu, kisha ikarudia kutafuta majiwe ya kuikamata ku kila kona?"

Honorine alikuwa amesimama kando ya bati la jiko lake, kitenge hicho mkononi, sauti imefika barabarani. Upande wa pili wa ukuta, jirani yake Kapinga alikuwa akipepeta ungo usio na kitu.

"Nilikuwa nakukingia vumbi. Makamyo ya mugodi ya Mashamba inapita hapa muchana muzima."

"Vumbi! Na jua? Ulinikingia jua pia? Bateri imekufa. Leo tutaikala mu giza sawa bafuko!"

Kapinga akazidi kupepeta hewa.

Si zamani sana, mtaa mzima ulikuwa na paneli moja tu ya jua, ile ya marehemu mume wa Kapinga, Tshiamala. Nyaya za umeme wa bwawa la Nzilo zilipita juu ya vichwa vyao zikienda migodini. Nyumbani umeme ulikuja kusalimia tu. Basi watu wakaleta simu kuchaji kwa Kapinga. Simu haijai haraka. Mtu angoje, na akingoja anaongea. Hapo ndipo ulipojua nani amehamia kwa nani, na nani ameonekana huko mjini Sandoa na mke asiye wake. Bukari, ugali wa kwao, ilisongwa kwenye sufuria kubwa ya misiba, na haikubaki hata ukoko. Honorine ndiye aliyefika wa kwanza na kutoka wa mwisho, kicheko kikimtangulia mlangoni.

Kisha paneli zikajaa madukani, zikapanda kila bati, hadi watu wa Sandoa wakawa wanakuja kuzinunua, wanazifunga kwenye pikipiki na kwenda nazo kwao. Kila nyumba na taa yake, kila nyumba na mlango wake umefungwa. Kapinga bado alipikia sufuria ile ile. Mkono ulikataa kujifunza kidogo.

"Juu ya nini, mama?" Honorine alishusha sauti. "Mi nilikukosea nini?"

"Hapana kitu. Nilisema, kama moto ya bateri inakosa kwako, utaleta telefone." Kapinga aliuangalia ungo. "Utaikala kidogo."

Honorine hakucheka. Alikikunja kikwembe vizuri, akakiweka juu ya ukuta, akaingia kwake. Kapinga alipokichukua, kilikuwa bado na joto la jua.

Jioni aliwasha taa, viti vitupu vikamtazama. Maji ya bukari hakuyateleka. Ng'ambo ya ukuta nyumba ilikuwa nyeusi tii. Kesho Honorine angemsalimia tena? Hata kwa kupunga mkono tu dirishani?

"Mama Kapinga!"

Akaruka.

"Mboga ya sombe imeiva, lakini batoto habaone mudomo iko wapi! Weye njo mwenye ulituzimia jua, leta ile taa yako. Na kiti pia, kwangu habitoshe. Kuja tukule!"